Barabara ya Doolough: siku nzima na mzee wa Louisburgh

Mama yangu alikuja kunitembelea mwezi wa Aprili kutoka Kamachumu, mkoani Kagera. Baada ya wiki mbili za maduka, kanisa na televisheni akaniambia, "Mwanangu, mji nimeshauona. Nipeleke wanakolima." Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee huku Castlebar, kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi, na mwenzangu wa zamu ya usiku ndiye aliyeniambia habari za mzee mmoja wa Louisburgh anayewatembeza watu kwenye barabara za kale huku akiwasimulia enzi za makabaila. Mzee huyu hana kampuni wala bango. Aliniomba jina lake nisiliweke mtandaoni, kwa hiyo humu nitamwita Mzee tu. Nililipa yuro 40, mama akapunguziwa hadi 30 kwa ajili ya umri. Naandika kwa ajili ya Waswahili wa Galway na Dublin, na ninyi wa Uingereza mnaovuka maji wikiendi, kwa sababu kabla ya kwenda nilitafuta maoni ya mtu wa kwetu sikupata hata moja.

Nianze na lililonikera. Tuliambiwa saa tatu na nusu asubuhi, gari likafika saa nne na dakika kumi, na hakuna aliyepiga simu. Tulisimama kwenye baridi, mama amejitanda kitenge juu ya koti. Tulikuwa watu 13, na kwa upepo wa kule ni wengi mno; ukiwa nyuma unasikia nusu ya hadithi. Kuanzia kituo cha pili nilimshika mama mkono tukawa tunakaa mbele kabisa, na hapo ndipo siku yetu ilipoanza hasa.

Kituo cha kwanza hakikuwa na kitu cha kutazama, au ndivyo nilivyodhani. Kinjia cha majani kati ya kuta mbili za mawe yaliyopangwa bila udongo. Mzee akauliza, barabara inatakiwa iwe na upana gani? Watu wakaanza kutaja mita. Akatoa kamba mfukoni, ameifunga fundo mahali fulani, akailaza toka ukuta huu hadi ule. Ikaenea sawasawa. Kumbe kwa Kiayalandi barabara ni bóthar, na ng'ombe ni bó; neno barabara limezaliwa na ng'ombe. Wazee wa zamani waliandika kabisa kwamba bóthar iwe na nafasi ya ng'ombe wawili, mmoja amekaa kwa urefu na mwingine kwa upana. Kinjia kidogo kama kile wanakiita bóithrín. Nikamtafsiria mama. Akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza: "Na wakikutana wawili wanaopishana?" Mzee akacheka sana, akasema ndiyo maana ya zile pembe za ukuta zilizoingia ndani kila baada ya hatua kadhaa, mtu anasogeza wake wapite wa mwenzake.

Akamuuliza mama aitwe nani. Nikamwambia kwetu mama anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, basi yeye ni Mama Koku. Kuanzia hapo alimwita Mama Koku siku nzima, na alilitamka vizuri kuliko wengi.

Kabla ya kuingia bondeni alifungua buti la gari, akatoa mkate wa soda, ule mweusi wa kwao, akaukata kwa kisu cha mfukoni na kumgawia kila mtu kipande cha ganda. "Usile. Weka mfukoni." Ndipo akatusimulia majani ya njaa, féar gortach. Yanafanana na majani mengine yote, huwezi kuyajua kwa macho. Ukiyakanyaga, nguvu zinakuishia palepale, magoti yanalegea, na kama huna cha kutia mdomoni unaweza usifike nyumbani. Wengine husema yanaota mahali alipoanguka mtu aliyekufa kwa njaa. Wengine husema ni pale maiti ilipotuliwa chini njiani kwenda makaburini, na wengine ni pale watu walipokula shambani wakaondoka bila kuwaachia chembe wale wasioonekana. Bibi yake Mzee hakutoka nyumbani bila ganda la mkate kwenye mfuko wa aproni. Mama akalifunga lake kwenye leso, akalitia kifuani, akafunga kifungo cha koti. Alifanya hivyo kwa heshima zote, wala hakuhitaji maelezo zaidi.

Sasa bonde lenyewe. Doolough, ziwa jeusi, limelala kati ya mlima Mweelrea, mita 814, mrefu kuliko yote ya jimbo la Connacht, na vilima vya Sheeffry upande wa pili. Barabara inapita ukingoni mwa maji. Hakuna nyumba, kuna kondoo na upepo. Tuliteremka garini tukatembea kama kilomita 10 kwa jumla, polepole, na Mzee alikuwa akisimama na kusimulia.

Ilikuwa mwisho wa Machi 1849, mwaka wa nne tangu viazi vilipoanza kuozea ardhini na njaa kuu ya Ayalandi kuingia. Maskini wa Louisburgh waliokuwa wakiishi kwa posho ya unga walitakiwa kukaguliwa na wakubwa wawili wa bodi ya misaada, ili ionekane ni nani anastahili kuendelea kupewa. Wakajikusanya mjini, mamia. Wakubwa walikuwa wameshaondoka kwenda kulala Delphi, kwenye nyumba ya uwindaji na uvuvi aliyoijenga kabaila wa Westport, Marquess wa Sligo. Watu wakaambiwa wafike huko asubuhi. Ni kilomita 19 hivi, kwa miguu mitupu, kwenye baridi, usiku, watu ambao hawajala. Simulizi inasema walipofika wakubwa walikuwa mezani, wakaambiwa wasubiri. Kisha wakarudishwa mikono mitupu. Wakafia njiani wakirudi, wengine kando ya ziwa hili hili tulilokuwa tukilitazama.

Hapa ndipo nilipomheshimu Mzee. Alikuwa na karatasi ndani ya plastiki, nakala ya barua iliyochapishwa kwenye gazeti la Mayo mwezi wa Aprili mwaka uleule. Barua inataja maiti saba zilizookotwa barabarani, na wengine ambao hawakufika makwao. Watu wa pale wanasema ni mamia, waliopeperushwa na dhoruba hadi ziwani, na waliokutwa na majani mdomoni. Kijana mmoja wa msafara wetu akambana: ukweli ni upi? Mzee hakukwepa. Akasema barua anayo mkononi na anaiamini. Na babu yake alimfundisha kuvua kofia kila akifika penye ule mwinuko, na kofia bado anaivua. Akavua. Hakuongeza neno. Nimewahi kutembezwa sehemu nyingine na waongozaji wanaokoleza chumvi ili watalii wapate machozi. Huyu alituwekea la karatasi upande huu na la mdomoni upande ule, tukatembea katikati.

Kando ya barabara kuna msalaba wa jiwe, mnyoofu, bila madoido, wenye mwaka 1849. Umechongwa maneno ya Gandhi yanayouliza binadamu anapataje heshima kwa kumdhalilisha binadamu mwenzake. Kila mwaka watu hutembea barabara hii kuwakumbuka wale, na mwaka 1991 alitembea Askofu Mkuu Desmond Tutu. Nilipomwambia mama kwamba Tutu alipita hapa, akachuma ua la njano la porini akaliweka chini ya msalaba. Delphi yenyewe sasa ni hoteli, tuliiona kwa mbali tu tukiwa barabarani, nyumba nzuri, miti mirefu. Nilitamani tungesogea, ila Mzee hakutaka.

Kwa chakula cha mchana tulijibanza kwenye kuta za nyumba isiyo na paa. Alileta supu ya viazi na vitunguu kwenye chupa za chai, ya moto kabisa, na mkate uliobaki. Ndipo akatueleza ukabaila wa kule ulivyofanya kazi, na nawaomba mvumilie nikikaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mama alipofungua mdomo.

Mkulima hakuwa na ardhi. Alikodi kwa kabaila, ambaye mara nyingi alikuwa anakaa Dublin au London na hajui hata sura yake, na aliyemwona ni wakala na mnyapara. Kodi ililipwa mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Juu ya kodi kulikuwa na siku za kazi za bure shambani kwa bwana, na kuku wa kupeleka jikoni kwake. Ukikutana na gari lake la farasi unapisha, kofia mkononi. Na kulikuwa na jambo moja ambalo wazee wote wa kule wanalirudia: ukipaka nyumba yako chokaa, ukaweka dirisha, kodi inapanda. Basi watu waliacha kuta zikae nyeusi na samadi irundikane mlangoni, ili mnyapara akipita aone umaskini tu.

Nilipomaliza kutafsiri hapo mama akaweka kikombe chini. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtwarwa, mpangaji katika mashamba ya nyarubanja, ule ukabaila wa kwetu Uhayani. Migomba aliipanda yeye, kahawa aliipanda yeye, ardhi ilikuwa ya mtwazi, yaani bwana mwenye shamba. Mfumo huo ulifutwa kwa sheria miaka ya 1960, mimi nimeukuta kwenye maneno tu, na hata hayo maneno mama hakuwahi kunipa zaidi ya mawili matatu. Siku hiyo, kwenye magofu ya watu wengine, akasema: "Baba alikuwa anaficha mbuzi. Akisikia mtu wa mtwazi yuko njiani, sisi watoto tunawapeleka mtoni tunakaa nao huko, tunawashika midomo wasilie. Siku moja nilikaa hadi giza nikasahaulika." Nikamtafsiria Mzee. Akatoa daftari dogo, akamwomba mama arudie taratibu, akaandika yote, pamoja na mto. Mama alipoona anaandikwa akajiweka sawa, akaanza upya kwa sauti ya juu zaidi.

Sikuwahi kuijua habari ile ya mto. Nina miaka 41.

Kuhusu kwa nini watu walifukuzwa wakati wa njaa, Mzee alieleza vizuri kuliko makala yoyote niliyosoma. Kodi ya kuwalisha maskini ilitozwa wenye ardhi wa eneo lenyewe, na kwa kila shamba lenye thamani ya pauni 4 au chini, aliyetakiwa kuilipa ni kabaila mwenyewe. Kwa hiyo wapangaji wadogo wakawa mzigo, na njia ya kuutua ilikuwa kuwabomolea. Kisha mwaka 1847 ikaongezwa sheria iliyopewa jina la mbunge William Gregory: mwenye kushikilia zaidi ya robo eka hapewi msaada wa serikali. Achia shamba ule, au kaa na shamba ufe. Huko Castlebar ninakoishi, Lord Lucan alibomoa nyumba nyingi sana hata akaitwa mwangamizaji. Napita kwenye bustani ya katikati ya mji kila siku nikienda kazini, sehemu iliyokuwa ya ukoo wake, nilikuwa sijui.

Baadaye tulipanda kilimani nje ya lami kuiona barabara ya njaa. Serikali ilikuwa na imani kwamba chakula cha bure kingewaharibu watu, kwa hiyo wapate kazi ndipo walipwe, na kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa kuponda mawe na kujenga barabara zisizohitajika. Mwezi Machi 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa kwenye kazi hizo nchi nzima, halafu zikafungwa na kubadilishwa na majiko ya supu. Hii yetu ilipanda vizuri tu, imejengewa kingo za mawe, ina mfereji wa maji upande wa juu, kazi safi ya watu waliojua wanachofanya. Halafu ikakoma. Jiwe la mwisho la ukingo, kisha majani na tope. Mzee alitusimamisha pale bila kusema kitu kwa muda mrefu kidogo. Nilipiga magoti nikaligusa lile jiwe. Upande mmoja limechongwa, upande wa pili halijaguswa, na alama za nyundo bado zinaonekana.

Sehemu iliyonivunja moyo ni ya jioni, kwenye gari. Alituahidi habari za Kapteni Boycott na za chama cha wakulima, akazipitisha kwa dakika kumi huku anaendesha na wengine wamesinzia. Hizi ni habari za kaunti hii hii. Boycott alikuwa wakala wa Lord Erne karibu na ziwa Mask, na mwaka 1880 watu walimsusia kabisa: hakuna wa kumvunia, wa kumfulia, wala wa kumuuzia mkate, hadi askari karibu 1,000 wakaletwa kulinda mavuno yake. Jina lake ndilo lugha nyingi za Ulaya hutumia hadi leo kwa tendo ambalo sisi tunaliita kususia. Michael Davitt, ambaye familia yake ilifukuzwa Straide akiwa mtoto mdogo na akapoteza mkono kiwandani Uingereza, alirudi na chama kikaanzishwa Castlebar mwaka 1879. Ningependa kituo kizima kwa ajili ya hilo. Mtu akiondoka pale anabaki na vilio vya 1849 bila kujua kwamba wajukuu wa wale waliolia waliishia kuinunua ardhi ile.

Pia alisoma kurasa za Mkusanyiko wa Shule kwa haraka mno. Kati ya 1937 na 1939 watoto kutoka shule za msingi zipatazo 5,000 walitumwa nyumbani wakawaulize wazee habari za barabara za kale, makabaila, wahunzi, dawa, hazina zilizofukiwa, kisha wakaziandika kwenye madaftari. Zimetoka kurasa takribani 740,000, na leo zinasomwa bure kwenye tovuti ya dúchas. Mzee anazo nakala za mwandiko wa watoto wa vijiji vya jirani. Nilimwomba baadaye anionyeshe moja kwa utulivu: mtoto ameandika kwamba mahali jeneza lilipotuliwa kupumzika, kila mpitaji anaongeza jiwe, na chini ameandika umri wa babu yake aliyemwambia. Wino umevuja pembeni. Kurasa kama hizo zinastahili kupewa nusu saa kila moja.

Ile safari ya kurudi ndiyo iliyonipa kitu ambacho sikulipia. Jua lilikuwa limeshuka, linapiga kwa ubavu, na mama akagonga kioo. "Koku, mwambie asimame. Pale palilimwa." Upande wa mlima ambao asubuhi ulikuwa kijani kitupu sasa ulikuwa na mistari, matuta, moja baada ya jingine, yakipanda hadi mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Mzee alisema ndiyo, ni matuta ya viazi ya kabla ya njaa na ya miaka ileile, hayajaguswa tena, na kwamba kwa kawaida yeye ndiye huwaonyesha watu. Mama alishuka. Akayahesabu kwa kidole hadi akapoteza hesabu, kisha akauliza kwa nini walilima juu hivyo wakati chini kuna tambarare. Mzee akasema chini palikuwa pa kondoo na ng'ombe wa bwana. Mama akaitikia kwa ile sauti ya kuvuta pumzi ya kina mama wa Kihaya, ambayo sina namna ya kuiandika.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya kuchelewa, wingi wa watu, na Boycott.

Mambo ya kujua kabla hujaenda: anatembeza Jumamosi, Aprili hadi Septemba, na ni vizuri kupiga simu mapema kwa sababu gari lina nafasi 14 tu. Mkiwa kundi dogo mwombe siku yenu peke yenu. Gharama inapanda kidogo ila mtamsikia. Hakuna choo tangu Louisburgh hadi mrudi, basi wenye watoto wajipange. Mzee wa miaka 68 kama mama anaweza kabisa, isipokuwa kile kilima cha barabara ya njaa, ambako mama alikaa garini dakika kumi za mwanzo kisha akatufuata mwenyewe na fimbo. Lafudhi ya Mzee ni nzito kwa aliyezoea Kiingereza cha shuleni, mwombeni arudie, hachoki. Viatu viwe vya kupanda mlima, na vueni koti lolote lisilozuia maji mkalibadilishe. Mwavuli acheni nyumbani, upepo wa Doolough utauvunja kabla hamjafika ziwani.